Mlango Ulioshuka: Uchambuzi wa Kisa cha Gari la Zamani la Milango Miwili

Gari linalochambuliwa hapa ni la milango miwili, lina umri wa zaidi ya miaka 30, na mlango wake wa dereva ulikuwa umeshuka upande wa nyuma kiasi kwamba haukufunga mpaka mtu auinue kwa mkono mmoja huku akiusukuma kwa mkono wa pili. Rangi ya kizingiti, pale pembe ya chini ya mlango inapopita, ilikuwa imekwanguliwa hadi chuma kikaonekana. Gari lilipokuwa mwendoni upepo ulipiga mluzi juu ya kioo, na mvua iliponyesha maji yaliingia kupitia hapohapo juu ya kioo. Mwenye gari alikuwa ameshauriwa anunue kitasa kipya, kwa hoja kwamba kitasa ndicho kilichokataa kushika. Ushauri huo ndio ulionifanya nikichukulie kisa hiki kwa uzito, kwa sababu unawakilisha kosa linaloharibu magari mengi ya zamani: mlango ulioshuka hulalamika kwenye kitasa, ilhali ugonjwa wake karibu kila mara uko upande wa pili, kwenye bawaba, na anayeanza kutengeneza pale penye malalamiko huuficha ugonjwa na kuupa muda wa kukua.

Ushahidi wa kufichwa huko ulikuwa wazi tangu ukaguzi wa kwanza. Kipokeo cha kitasa, yaani ile pini nene iliyofungwa kwenye nguzo ya bodi iliyo nyuma ya mlango ili kitasa kiishike, kilikuwa kimeshushwa hadi mwisho wa nafasi yake ya kurekebishia. Nafasi hiyo ilipokwisha, mtu fulani alichukua tupa akalirefusha tundu la nguzo kuelekea chini ili kipokeo kishuke zaidi, kisha akakiwekea washa kadhaa, yaani vipete bapa vya bolti, nyuma yake ili kifikie kitasa. Matokeo yake ni kwamba bolti ya kipokeo ilikuwa imeshika kwa nyuzi chache tu. Jambo hili halihusu sura ya gari pekee. Kitasa na kipokeo ndivyo vinavyouzuia mlango usifunguke gari linapogongwa, na kipokeo kilichoshikiliwa na nyuzi chache juu ya rundo la washa hakina nguvu iliyokusudiwa na waliolibuni gari hilo. Kwa hiyo, hata kama mwenye gari angekuwa radhi kuendelea kuuinua mlango kwa mkono, hali hiyo haikufaa kuachwa.

Kabla ya kugusa spana yoyote ni lazima kuelewa kwa nini milango ya namna hii hushuka, maana hesabu yake ndiyo iliyotuongoza baadaye. Mlango wa gari la milango miwili ni mrefu na mzito. Huu ulikuwa na urefu wa takriban milimita 1,200 kutoka kwenye bawaba hadi ukingo wa nyuma, na ulipopimwa baada ya kutolewa ulikuwa na uzito wa karibu kilo 40. Bawaba zake mbili zilikuwa zimeachana kwa milimita 400 tu. Mlango unapokuwa wazi, uzito wake wote unaning'inia kwenye bawaba hizo, na kwa kuwa kitovu cha uzito kiko mbali na nguzo, kama milimita 550 hivi, bawaba ya juu huvutwa itoke kwenye nguzo na ya chini husukumwa kuelekea kwenye nguzo. Nguvu hiyo hupatikana kwa kuzidisha 40 kwa 550 na kugawanya kwa 400, nayo ni sawa na uzito wa kilo 55 unaovuta bawaba ya juu kila wakati mlango uko wazi. Mtu akiegemea ukingo wa nyuma ili kujinyanyua kutoka kwenye kiti, tuseme kwa uzito wa kilo 30, anaongeza mvuto wa kilo 90 nyingine kwenye bawaba hiyohiyo. Ndiyo maana bawaba za mlango mrefu huchakaa mapema, na ndiyo maana milango mifupi ya gari la milango minne huweza kudumu muda mrefu zaidi ilhali bawaba zake hazina ubora wa ziada wowote.

Ndani ya bawaba kuna pini ya chuma inayozunguka katika bushi, yaani vipete vyembamba, za shaba iliyochanganywa na bati. Bushi hutengenezwa kwa madini laini kwa makusudi, ili zichakae zenyewe na kuiokoa pini pamoja na mabapa ya bawaba, yaani vile vipande vyake viwili vya chuma. Mpango huo ni mzuri kwa sharti moja tu, nalo ni kwamba bushi zipate grisi na zibadilishwe kabla hazijaisha. Zikiisha, pini huanza kula chuma cha bapa lenyewe, na hapo kazi ambayo ingehitaji vipuri vidogo vya bei ya chini hugeuka kuwa kazi ya karakana.

Uchunguzi ulianza kwa kukiondoa kabisa kipokeo. Hatua hii hurukwa mara nyingi, nami naiona kuwa ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu mlango uliofungwa hauonyeshi mahali unapotaka kukaa. Unaonyesha mahali ambapo kipokeo kimeulazimisha ukae. Kipokeo kilipotoka, mlango ulisukumwa taratibu hadi ukafikia usawa wa bodi bila kubanwa, ukaachwa uning'inie wenyewe. Mstari wa mapambo uliopita ubavuni ulikuwa chini kwa milimita 9 ukilinganishwa na mstari huohuo kwenye ubavu wa nyuma wa gari. Mlango wa abiria, ambao una umri uleule lakini ulitumika mara chache zaidi, ulipimwa kwa namna hiyohiyo na ulikuwa umekaa karibu sawasawa kabisa. Kuwa na mlango wa pili wa kulinganisha ni bahati ambayo kila gari humpa fundi bure, na inasaidia kuliko kukisia jinsi gari lilivyokuwa lilipotoka kiwandani.

Baada ya hapo ilipimwa mianya. Mwanya kati ya fenda ya mbele na mlango wa dereva ulikuwa milimita 7 juu na milimita 3 chini, ilhali upande wa abiria ulikuwa milimita 5 kote. Nyuma, kati ya mlango na ubavu, hali ilikuwa kinyume: juu palibana kwa milimita 3, chini palipanuka hadi milimita 7. Umbo hilo la mianya linasema jambo bayana. Mlango ulikuwa umezunguka. Sehemu yake ya juu imeelekea nyuma na ya chini imeelekea mbele. Lakini kuna ugonjwa mwingine unaotoa dalili zinazokaribiana na hizi, nao ni wa kutisha zaidi: bodi yenyewe kupinda katikati kwa sababu vizingiti vimeliwa na kutu. Nguzo ya mbele na ya nyuma zikiegemeana kwa juu, mwanya wa nyuma utabana juu na kupanuka chini vilevile, na mlango utaonekana umeshuka ingawa bawaba zake ni nzima. Kinachotenganisha hali hizi mbili ni mwanya wa mbele. Fenda na bawaba zote zimeshikamana na sehemu ya mbele ya bodi, hivyo bodi ikipinda huondoka pamoja, na mwanya kati ya fenda na mlango hubaki sambamba. Hapa mwanya wa mbele haukuwa sambamba, kwa hiyo shaka ya kwanza iliangukia bawaba.

Hata hivyo, kwa gari la umri huo sikutaka kuiamini dalili moja. Jeki iliwekwa kwenye sehemu imara ya kuinulia gari mbele ya mlango, magurudumu ya mbele yakainuliwa kidogo kutoka ardhini, na mwanya wa nyuma ukapimwa tena. Haukubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Vizingiti viligongwagongwa kwa mpini wa bisibisi upande wa chini kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila mahali vilitoa sauti ya chuma kizima. Laiti mwanya ungebadilika, kazi yote ya bawaba ingesimamishwa mpaka mchomeleaji arejeshe nguvu ya bodi, kwa kuwa kuulinganisha mlango na bodi inayopinda ni kuulinganisha na kitu kitakachobadilika tena.

Jaribio lililofuata lilikuwa la kuinua. Mlango ulifunguliwa nusu, mtu mmoja akashika ukingo wa nyuma na kuunyanyua na kuushusha polepole, na mwingine akaweka kidole kwenye maungio ya bawaba, kimoja kwa kimoja. Kidole huhisi kile ambacho jicho hukikosa. Swali hapa ni nini hasa kinachocheza. Mabapa mawili ya bawaba yakisogea kila moja kivyake, tatizo liko kwenye pini na bushi. Bapa likisogea dhidi ya nguzo, bolti zimelegea au chuma cha nguzo kimepasuka. Ngozi ya mlango ikivuta na kurudi kuzunguka bawaba, fremu ya ndani ya mlango imepata ufa. Kwenye gari hili bawaba ya juu ilicheza kwa milimita 1.5 na ya chini kwa milimita 0.5, zote kwenye pini. Bolti hazikuonekana kusogea, na hapakuwa na ufa.

Mtu angeweza kuishia hapo, akabadilisha bushi, akamaliza. Hesabu ndiyo iliyokataa. Michezo hiyo miwili ikijumlishwa inafikia milimita 2. Kwa kuwa urefu wa mlango ni mara tatu ya umbali kati ya bawaba, milimita 2 kwenye bawaba huwa milimita 6 kwenye ukingo wa nyuma. Mlango ulikuwa umeshuka kwa milimita 9. Milimita 3 hazikuwa na maelezo, na milimita 3 za nyuma zinahitaji milimita 1 tu ya kusogea kwenye bawaba, kiasi ambacho ni rahisi kukipuuza. Tulisafisha uchafu na grisi kavu kuzunguka bapa la bawaba ya juu kwenye nguzo, na kwa mwanga wa tochi ukaonekana ukanda mwembamba wa rangi ya kiwandani iliyokuwa haijawahi kupigwa na jua, upande wa mbele wa bapa. Bapa zima lilikuwa limeteleza kuelekea nyuma kwa takriban milimita 1, kisha likang'ang'ania hapo. Bolti zilikuwa zimelegea wakati fulani zamani, bapa likahama, halafu ama kutu ama mkono wa mtu aliyekaza bila kuangalia ukalifunga mahali pasipo pake. Jaribio la kuinua lisingeweza kamwe kuonyesha jambo hilo, kwa kuwa bapa halikuwa likicheza tena. Bila hesabu, tungebadilisha bushi, tukashangaa kuona mlango bado umeshuka, na pengine tungerudi kukishusha kipokeo.

Mwenye gari aliuliza kuhusu njia ya mkato inayofahamika sana, ya kuweka kipande cha mbao kwenye bawaba na kuusukuma mlango, au kuuinua kwa jeki, mpaka bapa lipinde na mlango uinuke. Niliikataa kwa kisa hiki na ninaikataa kwa kila kisa chenye pini inayocheza. Kupinda bapa hakuondoi mchezo; kunahamisha tu mahali pa kuanzia kushuka, na mlango utaendelea kugongagonga gari linapopita barabara mbaya. Zaidi ya hapo, nguvu inayotosha kupinda bapa nene inaweza kupasua chuma chembamba cha nguzo kwanza. Njia hiyo ina nafasi yake pale tu ambapo pini haina mchezo wowote na bapa lilipindwa na ajali, hasa kwenye magari ambayo bawaba zake zimechomelewa na hazina bolti za kurekebishia, na hata hapo yafaa ifanywe kwa kifaa cha kazi hiyo. Kuhusu kununua bawaba kutoka gari lililovunjwavunjwa, hoja yangu ni fupi: bawaba hiyo imebeba mlango wa uzito uleule kwa miaka ileile.

Maandalizi ya kuutoa mlango yalichukua muda mrefu kuliko kuutoa kwenyewe, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Waya ya betri iliondolewa, kisha waya za mota ya kioo na za spika zikatenganishwa, kwa sababu mlango ukiponyoka na kuning'inia kwa waya hasara yake ni kubwa. Kingo za fenda na za mlango zilifunikwa kwa utepe wa karatasi ili rangi isichubuke. Mistari ya alama ilichorwa kwa ncha kali kuzunguka kila bapa. Kwenye bawaba ya juu ilichorwa mistari miwili, mmoja wa mahali bapa lilipokuwa na mwingine wa mahali palipoonyeshwa na rangi ya kiwandani. Jeki yenye ubao uliofungwa kitambaa kinene iliwekwa chini ya kitovu cha uzito cha mlango, na mtu wa pili akakaa tayari kuushika usiyumbe.

Bawaba ya chini ya gari hili ilikuwa na springi nene inayoushikilia mlango usijifunge ukiwa wazi. Naomba msomaji atue hapa. Springi ya aina hiyo imebanwa kwa nguvu kubwa, na mtu anayeichokoa kwa bisibisi anaweza kupoteza jicho. Ilibanwa kwa kifaa cha kubania springi, ikafunikwa kwa kitambaa kizito, ndipo ikatolewa, na kazi nzima ilifanywa kwa miwani ya kinga. Kisha bolti, ambazo zilikuwa zimenyunyiziwa mafuta ya kulegeza kutu tangu siku iliyotangulia, zilifunguliwa pole kwa pole, za bawaba ya chini kwanza. Zilitoka zote bila kukatika. Bolti ya nguzo ikikatika, nati yake imefichwa ndani ya nguzo na kuifikia ni kazi nyingine kubwa, hivyo subira ya usiku mmoja kwa mafuta hayo si anasa.

Pini zilitolewa bawaba zikiwa kwenye jiliwa, yaani kifaa cha kubania vyuma. Pini ya aina hii ina meno madogo chini ya kichwa chake yanayong'ang'ania bapa moja, ili izunguke ndani ya bushi za bapa la pili, kwa hiyo hutoka kwa upande mmoja tu, ule wa kichwa. Kuigonga kwa upande usio wake ni kuipanua. Pini ya juu ilipotoka ilikuwa na kiuno. Mahali palipobeba mzigo chuma kilikuwa kimepungua kwa milimita 0.2. Ukuta wa bushi, uliokuwa na unene wa milimita 1 ilipokuwa mpya, ulikuwa umekwisha kabisa upande unaobeba mzigo, na tundu la bapa nalo lilikuwa limeliwa kwa milimita 0.3. Jumla yake ni ile milimita 1.5 tuliyoihisi kwa kidole. Bawaba ya chini haikuwa na shida hiyo; bushi zake zilikuwa nyembamba lakini tundu lilibaki duara, na bushi mpya za kawaida zilitosha.

Tundu la bawaba ya juu lililokuwa na umbo la yai ndilo lililokuwa kiini cha kazi yote. Bushi ya kawaida ya milimita 12 ingeingia humo kwa mkono na ingezunguka pamoja na pini, na tundu lingeendelea kuliwa. Kulipanua kwa drili ya mkononi kungekuwa kosa kubwa zaidi, kwa kuwa ncha ya drili hufuata upande uliokwisha kuliwa, na tundu jipya lingekuwa duara lakini mahali pasipo pake, yaani mlango ungezaliwa upya ukiwa umeshuka. Bapa lilipelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kukerezea vyuma. Alilipima kutokea upande wa tundu ambao haukuchakaa, akaweka kitovu chake hapo, na akayatoboa macho yote mawili ya bapa, yaani matundu yanayopitisha pini, kwa mfululizo mmoja bila kulifungua kwenye mashine, hadi kipenyo cha milimita 13. Kutolifungua katikati ya kazi ni muhimu, maana macho mawili yasiponyooka katika mstari mmoja pini hubana na kuzila bushi upya. Kabla ya hapo tulikuwa tumehakikisha kwamba chuma kitakachobaki kuzunguka tundu kinatosha. Alikereza bushi zenye unene wa ukuta wa milimita 1.5, kubwa kuliko tundu kwa kiasi kidogo sana ili zing'ang'anie, na pini mpya ya milimita 10 ikapatikana.

Bushi zilisukumwa mahali pake kwa jiliwa, si kwa nyundo, kwa sababu nyundo huupanua mdomo wa bushi kabla haijafika ndani. Kila bushi inapobanwa ndani ya tundu hupungua kipenyo kidogo, hivyo zilisuguliwa tena kwa ndani mpaka pini ikapita kwa kusukumwa na kidole gumba, bila kuyumba hata kidogo. Zilipakwa grisi nyeupe ya lithiamu kabla ya kuunganishwa. Bawaba iliyokamilika vizuri huhisiwa mkononi kuwa na uzito mdogo wa kusuguana wakati wote wa kuzunguka. Ikianguka yenyewe ni legevu, na ikikwama mahali fulani haikunyooka.

Mlango ulipokuwa chini, yalipatikana mambo mawili ambayo hatukuyatafuta. Matundu ya kutolea maji kwenye ukingo wake wa chini yalikuwa yamezibwa na matope, na ndani mlikuwa na tope zito lililoshika unyevu. Uzito wake ulikuwa mdogo ukilinganishwa na wa mlango wote, lakini unyevu ulikuwa umeanza kuula ukingo. Tope liliondolewa, kutu ya juujuu ikasuguliwa, na ndani pakapakwa nta ya kuzuia kutu. La pili ni lile tundu la kipokeo lililorefushwa kwa tupa. Mchomeleaji alilijaza upande wa chini na kulisawazisha, baada ya zulia na mpira wa mlango kuondolewa karibu na hapo na betri kuachwa ikiwa imetenganishwa. Nilisisitiza kazi hii ifanyike kabla ya mlango kurudishwa, ili pasiwe tena na nafasi ya kumshawishi mtu ashushe kipokeo siku za usoni.

Kuurudisha mlango kulianza na bawaba ya chini, kisha ya juu, bapa likiwekwa kwenye mstari wa rangi ya kiwandani. Bolti zilikazwa kwa kiasi cha kushika tu, mlango ukiweza bado kusogezwa kwa kugongwa kwa kiganja. Vipande vya plastiki vyenye unene wa milimita 5 viliwekwa ndani ya mwanya wa mbele juu na chini, na jeki ikabeba uzito huku tukitazama mistari ya ubavu. Utaratibu niliouzingatia ni urefu kutoka chini kwanza, kisha kusogea mbele na nyuma, na mwisho kuingia na kutoka kulingana na uso wa bodi. Anayeanza na la mwisho atalirudia. Ukingo wa nyuma uliachwa juu kwa milimita 1 hivi ukilinganishwa na ubavu, kwa sababu mlango mrefu hutulia kidogo baada ya kutumika. Bolti zilikazwa kwa nguvu iliyoelekezwa katika kitabu cha gari hilo, mlango ukaachwa uning'inie bila jeki, na vipimo vikachukuliwa upya. Mwanya wa mbele ulikuwa milimita 5 juu na chini.

Kipokeo ndicho kilichofungwa mwisho kabisa, bila washa hata moja ya zamani, kwenye tundu lake la asili. Kilikazwa nusu, mlango ukasukumwa polepole, na jicho likawekwa kwenye sentimita ya mwisho ya safari yake. Mlango ulipoinuka kidogo ulipokishika kipokeo, kipokeo kilishushwa kiasi hichohicho. Lengo ni kitasa kiingie bila mlango kupanda wala kushuka. Chaki ilipakwa ndani ya kitasa ili ioneshe mahali kilipogusa. Kisha zikasikilizwa hatua zote mbili za kitasa, ile ya kwanza ya tahadhari na ile ya pili ya kufunga kabisa, kwa kuwa kitasa kinachoishia hatua ya kwanza hakijafunga. Kile kitasa kilichodaiwa kuwa kibovu kilifanya kazi kikamilifu. Midomo yake ilikuwa na makovu ya kugongwa pembeni, yaliyosababishwa na miaka ya kukutana na kipokeo vibaya, lakini meno yake yalikuwa mazima.

Hapo ndipo kilipojitokeza kikwazo ambacho wengi wangekitafsiri kuwa ni kushindwa kwa kazi. Mlango ulipokaa mahali pake, kioo kiligonga mpira wa paa kikipandishwa. Gari hili halina fremu kuzunguka kioo, na mtu aliyetangulia alikuwa amekiinua na kukiinamisha kioo ndani ya mlango ili kizibe pengo lililoachwa na mlango ulioshuka. Vilevile, sehemu ya juu ya mpira ilikuwa imewekewa utepe mnene kwa ndani ili isukumwe nje. Marekebisho hayo yote yalikuwa sahihi kwa mlango uliopinda na makosa kwa mlango ulionyooka. Kifuniko cha ndani kilifunguliwa, vizuizi vya kioo vikarudishwa katikati, utepe ukang'olewa, na kioo kikapangwa upya dhidi ya mpira ulionyooka. Gari lilimwagiwa maji kwa mpira wa bustani juu ya paa kwa muda wa kutosha, na ndani pakabaki pakavu. Nawasihi mafundi na wenye magari wasiogope hatua hii na wasirudi nyuma kwa sababu yake. Kioo kinachogonga baada ya bawaba kutengenezwa kwa usahihi ni alama ya fidia za zamani zinazohitaji kuondolewa moja baada ya nyingine.

Gari lilipokaguliwa tena baada ya miezi michache ya matumizi, ukingo wa nyuma ulikuwa umetulia ukawa sawasawa na ubavu, na mistari iliyochorwa kuzunguka mabapa haikuwa imehama. Bolti zilijaribiwa kwa spana na hazikuzunguka. Mwenye gari alielezwa apake grisi kwenye bawaba kila anapobadilisha mafuta ya injini, na asijinyanyue kwa kushika mlango.

Mlango wa abiria nao ulipimwa wakati huo kwa jaribio la kuinua, ingawa haukuwa na dalili yoyote ya nje. Bawaba yake ya juu ilicheza kidogo sana, chini ya milimita 0.5, na pini ilipochomolewa ilionekana bado kuna shaba pande zote za bushi. Zilibadilishwa kwa bushi za kawaida mlango ukiwa palepale, pini moja kwa wakati, jeki ikiubeba, bila kuhitaji mashine ya kukerezea wala mchomeleaji.